Kipimo cha Mabega

Jumatatu, 3 Machi

Nimegonga kiwiko. Kiwiko kile kile, kona ile ile ya kabati la vyombo. Nimepiga yowe mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Mume wangu ananiambia, taratibu kabisa, nikipita pale niwe nakunja mkono. Nikunje mkono! Nyumbani kwangu nitembee kama mtu aliyetoka kufungwa plasta!

Na siku yenyewe ilivyokuwa. Hotelini nimetandika vitanda ghorofa mbili peke yangu, mwenzangu kaaga anaumwa jino. Kila chumba cha wageni kinameza nyumba yangu na bado hakijashiba. Kuna mgeni mmoja wa ghorofa ya juu, analala peke yake kwenye kitanda cha watu watatu, tena kajibanza pembeni kabisa, upande wa pili shuka halijakunjamana hata kidogo. Nilisimama nikautazama ule upande mtupu. Huyu bwana kila siku anaacha bure nafasi ya jiko langu na bafu langu juu yake!

Kisha nikarudi kwenye basi.

Ndiyo, basi. Sipandi, naishi humo. Lilikuwa la abiria, injini ikafa, mwenyewe akalitelekeza gerejini. Mume wangu akaliomba, akalivuta mpaka kwenye kiwanja chetu, akang'oa magurudumu, akaliweka juu ya matofali. Kwa muda tu, alisema, mpaka tujenge. Msingi tuliuchimba pale mbele. Sasa umeota nyasi na kuku wa jirani wanataga humo. Na neno "kujenga" limetoweka kinywani mwake, sijui lini limetoka na limetokea mlango gani.

Mtaani wanamwita Dereva. Hajui kuendesha hata baiskeli! Yeye ni fundi wa bodi, kazi yake kunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa. Mimi wameniita Kondakta, na jina limenasa. Juzi kaja mtu mzima na begi lake, anapiga hodi, anauliza linaondoka saa ngapi. Nimemwambia limejaa.

Jumatano, 5 Machi

Mama anakuja!

Kaka kapiga simu mchana, nikiwa nasukuma kigari cha mashuka. Amehamishwa kikazi, mbali, kwenye baridi, na Wifi anamfuata. Mama, anayeishi nao, hawezi safari ile. Kwa hiyo anakuja kukaa kwangu, Jumamosi ya wiki ijayo. Kukaa, si kutembea. Nimeruka kwa furaha pale kwenye korido, Msimamizi akanikata jicho.

Halafu Kaka akashusha sauti. Lakini mtamweka wapi, akauliza, siti ya nyuma au ya dirishani? Akacheka peke yake.

Nimemuuliza hali ya Mama. Amepungua kidogo, kasema, lile tumbo lilimsumbua sana. Na miguu haina nguvu, akitembea lazima ashikwe. Ila maneno yake ni yale yale, hapo hapunguzi kitu.

Sijamwona tangu kabla hajaugua. Kila nikiomba likizo naambiwa huu ni msimu wa wageni, kana kwamba kuna mwezi wageni hawaji. Na kuzungumza naye kwa picha kwenye simu ndiyo kabisa hataki. Anasema yeye si mtangazaji wa habari, hawezi kukaa ndani ya kioo watu wamtumbulie macho.

Kwa hiyo nasikia sauti tu. Sauti ni ya Mama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Dereva. Kafurahi kweli – anampenda Mama, hilo siwezi kumnyima. Akaanza hapo hapo. Mama atalala hapa, sisi tutalala kwenye ile benchi ya kuvuta, meza itakunjwa ukutani, sanduku lile litaingia chini ya siti… Anapiga hesabu za nafasi huku macho yanang'aa. Nikamwuliza swali moja tu. Bafuni ataingiaje?

Akajikuna shingo.

Niandike hili vizuri, maana nikilisimulia watu wanadhani natia chumvi. Nyumba hii yote imepimwa kwa mwili wake. Tepu ya kupimia anayo, nzuri, ya gereji, lakini alisema tepu haijui kuishi. Basi akalala sakafuni, mwenzake wa gerejini akamchora kwa chaki, ndicho kitanda. Akanyoosha mkono juu, ndiyo rafu. Akakaa, akakunja magoti, ndiyo meza. Na mlango wa bafu, kule nyuma kabisa ilipokuwa siti ya watu watano – alisimama wima, mwenzake akasukuma mbao mbili, moja kulia, moja kushoto, mpaka zikagusa mabega. "Hapo hapo! Piga msumari!" Mimi nilikuwa kazini natandika vitanda vya watu. Jioni nakuta mlango umeshakaa, na fremu ya chuma imechomelewa.

Na Dereva mwenyewe ni mwembamba, ukimtazama upande unaweza kumkosa.

Mimi napita kiubavu. Navuta pumzi, natanguliza bega, nyonga inafuata na malalamiko yake. Miaka yote hii! Na nyonga hizi sikuziokota, nimepewa na Mama, ambaye mimi ni nusu yake tu. Mama akisimama mlangoni, chumba kinaingia giza. Tukiwa wadogo tulikuwa tunajificha watatu nyuma yake na aliyekuwa anatutafuta hatuoni.

Sasa huyo apite pale? Kiubavu hawezi, miguu inataka kushikwa. Na mwenye kumshika atasimama wapi? Ujia wote ni wa mtu mmoja. Mimi na Dereva tukikutana katikati lazima mmoja arudi nyuma, kama magari kwenye daraja bovu.

Tutaona, kasema Dereva. Tutaona! Hilo ndilo jibu lake la kila kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeiona nyumba ya kupanga.

Mhudumu mwenzangu, yule wa jino, ndiye aliyenielekeza. Ya mama mmoja, nesi mstaafu, iko mtaa wa nyuma ya soko. Vyumba viwili, sebule, jiko lenye dirisha. Dirisha linafunguka! Nimelifungua na kulifunga mpaka Nesi akaniuliza kama ninataka kununua kitasa.

Bafu lina mlango wa kawaida. Mlango wa watu.

Nesi alipotoka kuzungumza na jirani, nilisimama katikati ya sebule, nikanyoosha mikono yote miwili, nikazunguka. Nikazunguka tena. Sikugusa kitu! Nilitaka kulia. Nikapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, tabia ya hotelini – hakuna vumbi. Mama huyu ni mtu wa maana.

Nikamweleza habari ya Mama. Kasema ameuguza wazee maisha yake yote, mzee anataka nafasi, anataka hewa. Kila neno lake lilikuwa tamu. Ataniwekea nyumba mpaka Jumapili ya wiki ijayo, atapiga simu asubuhi nimpe jibu. Kuna mwingine anaitaka.

Nimerudi nimekuta Dereva amekaa kwenye kiti cha dereva, usukani mbele yake, anakunywa chai, anatazama nje kupitia kioo kikubwa kana kwamba kuna barabara. Ule usukani nimemwomba autoe siku ya kwanza. Anasema unampumzisha mikono.

Sijamwambia bado. Nilitaka nibaki na ile sebule peke yangu kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia. Tumegombana. Kugombana ndani ya basi ni kazi ngumu, mtu huna pa kwenda ukakasirikia. Nikitaka kumpa mgongo nagusa jiko. Yeye akitaka kutoka kwa hasira lazima asubiri nikunje meza kwanza apite. Nimeikunja. Akasema ahsante. Kisha akatoka kwa hasira.

Akarudi, na akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Kwao walizaliwa wengi, nyumba kubwa, vyumba tele, na yeye hakuwahi kuwa na kona. Alilala popote palipobaki, leo ukumbini, kesho stoo. Humu ndani, kasema, kila kitu kinanijua. Nikinyoosha mkono bila kutazama, nakuta kikombe.

Ikaniuma. Lakini na mimi nikamjibu. Vikombe vinakujua wewe. Mimi vinanigonga.

Ndipo akaja na hili. Mama aje, ajaribu. Akishindwa kukaa humu – akishindwa kuingia bafuni mwenyewe, kwa mlango ule ule – tunahama siku hiyo hiyo, na vitu atavibeba yeye mgongoni. Akiweza, basi neno la kuhama nisilitaje tena mpaka tujenge ya kwetu.

Nikamwuliza, na hutapanua mlango kwa siri? Akala kiapo. Hatagusa hata skrubu.

Nikampa mkono upesi, kabla hajafikiri. Maskini! Anamjua Mama lakini hajui nyonga za ukoo wetu. Nimeshaanza kupanga mapazia ya ile sebule.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Juu ya bati la basi inalia kama watu wanamwaga kokoto. Tunazungumza kwa ishara. Dirisha la tatu linavuja, la tano limegoma kufunga. Nguo za kazi zimelowa, nimezipiga pasi mvuke unatoka, basi zima likawa sufuria.

Dereva kafurahi – tangi la maji limejaa bure.

Kuna wakati nadhani nimeolewa na basi, yeye ni mpangaji tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa fundi cherehani. Nataka Mama akifika akute gauni jipya, la kushindia, kitambaa chepesi cha maua madogo. Fundi akaniuliza vipimo. Nikamwambia, nipime mimi, kisha ongeza. Akaongeza. Nikamwambia ongeza tena, humjui huyo. Kacheka, kasema hili sasa ni pazia. Nikamwambia wewe kata.

Mama nilimwona mara ya mwisho akiwa anabeba gunia la mkaa kutoka kwenye gari bila kuomba msaada, na wanaume wamesimama wanamshangaa. Vipimo vyake ninavyo kichwani.

Nesi katuma salamu kupitia mwenzangu. Nyumba bado ipo.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho.

Dereva kaomba ruhusa gerejini mapema, kasugua basi lote. Kapangusa vioo vyote. Kaondoa mabuti yake mlangoni, kitu ambacho mimi nimeshindwa kukipata kwa kelele, kwa upole na kwa kununa. Mlango hakuugusa. Nilikagua! Nimeangalia fremu juu mpaka chini, rangi haijakwaruzwa, skrubu ziko na kutu zake. Ni mtu wa kweli, hilo linaniudhi zaidi.

Alinikuta nakagua. Akaniuliza tu Mama anapenda mto mmoja au miwili.

Nimelala chali mchana huu nikajiona. Ninachoomba ni nini hasa? Naomba Mama yangu afike, na afike ashindwe. Naomba asimame pale mlangoni, akwame, aaibike mbele ya mkwe wake, ili mimi nipate sebule. Nimejisemea hapana, si hivyo, ni kwa faida yake, apate hewa. Ndiyo. Hewa. Lakini picha inayonijia kichwani siyo ya Mama akipumua, ni yangu mimi nikitundika mapazia.

Basi. Nimekwisha kupeana mkono.

Jumamosi, 15 Machi

Wamefika alasiri. Kaka kamleta kwa gari la kukodi, hakukaa, ana safari. Kaniambia dawa za asubuhi, dawa za jioni, ale kidogo kidogo mara nyingi. Ananieleza huku anatazama viatu vyake. Nikamwambia mbona una haraka hivyo. Akasema utamwona mwenyewe, dada yangu. Akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Mama alikuwa siti ya nyuma, amejifunika. Sweta la Kaka, juu yake koti, juu yake shuka, na mtandio mpaka kwenye nyusi. Nilikuta uso tu. Uso wa safari, umechoka. Akanishika shavu. "Mbona umenenepa hivi, mwanangu, unakula mashuka ya hoteli?" Ndiye! Nikacheka na machozi.

Akalitazama basi. Akalitazama tena. "Linaondoka saa ngapi?"

Dereva alicheka mpaka akainama. Kisha kwa sababu ya ngazi, zile tatu za mlangoni, akageuka, akachuchumaa, akambeba mgongoni. Nilitaka kumwambia ngoja tusaidiane, utavunjika kiuno. Lakini alikwishasimama. Alisimama haraka mno, akayumba mbele kidogo, kama mtu anayenyanyua ndoo akidhani imejaa. Akapanda ngazi.

Tangu hapo Dereva kawa mkimya. Kamlaza, kamvua viatu, kamletea maji. Chai yake imepoa usukanini. Nikamnong'oneza, umeanza kuogopa kesho, eh? Kuhama kumekaribia! Akamwongezea Mama mto wa pili. Mara nyingine utani ukimgusa hununa. Nimemwacha.

Mama kalala na nguo zake zote, anasema ana baridi. Nimeweka ndoo karibu na kitanda kwa ajili ya haja zake. Mlango asubuhi.

Jumapili, 16 Machi

Naandika sasa hivi. Nimekaa kwenye kiti cha dereva, hapa tu ndipo penye nafasi. Mistari inapandana, sijui nitasoma nini baadaye.

Asubuhi nilimpa gauni. Alifurahi, akalishika kwenye mwanga, akasifia maua. Nikamsaidia kuvua. Koti. Shuka. Sweta. Chini ya sweta kulikuwa na sweta jingine. Na chini yake…

Mikono yake! Mifupa ya bega imesimama. Mgongo naweza kuuhesabu. Amepungua kidogo, alisema Kaka. Kidogo! Nilimvalisha gauni haraka, nipate kumfunika. Likaanguka bega moja. Akalipandisha, likaanguka la pili. Akakusanya kitambaa kwa mikono miwili, kilikuwa tele, kilikuwa kinatosha kuvisha na mtu wa pili. Akacheka kwa sauti yake ile kubwa.

"Mwanangu, umenishonea mimi na nani?"

Nikacheka na mimi. Nikamwambia fundi kakosea, mafundi wa siku hizi hawasikii. Nikamfunga mkanda wa koti kiunoni. Ulizunguka mara mbili.

Dereva alikuwa amegeukia dirisha, anafuta kioo alichokifuta juzi.

Mama akasema anataka kwenda haja. Nikaleta ndoo. Akaitazama ile ndoo, akanitazama mimi. Ndoo mpe mtoto, akasema, nyumba hii haina choo? Nikamweleza kipo, kule nyuma, lakini ujia mwembamba, hatuwezi kumshika, na mlango wenyewe ni shida, hata mimi… Maneno niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima. Yalitoka vibaya, nilikuwa naongea na mabega yake.

Akashusha miguu. Akasimama.

Dereva alinyanyuka, akafika katikati, akakwama – mimi nilikuwa nimeziba njia. "Mwacheni mtu apite," Mama akasema. Akaweka kiganja kimoja kwenye kabati la vyombo. Kingine kwenye ukingo wa benchi. Pande zote mbili zilikuwa hapo hapo, hakuhitaji hata kunyoosha. Akavuta mguu. Akahamisha viganja, rafu na kitanda. Akavuta mguu mwingine. Mimi narudi nyuma mbele yake kama anayemfundisha mtoto kutembea, mikono nimeinyoosha, hakuigusa. Kaka aliniambia hajapiga hatua peke yake tangu alipoanza kuugua!

"Humu hata ukitaka kuanguka hamna pa kuangukia," akasema, anahema, anacheka. "Kule kwa kaka yako sebule kama uwanja. Nikifika katikati hamna cha kushika, nasimama kama mlingoti mpaka mtu aje. Hapa nashika kila kitu!"

Nikasogea pembeni, nikajibana kwenye kona ya mwisho kabla ya bafu. Akafika mlangoni.

Mungu anisamehe, nilikuwa bado nasubiri. Nimeona mifupa yake kwa macho yangu, na bado kichwani mwangu aliyesimama pale ni yule wa gunia la mkaa. Nasubiri akwame.

Akapita. Wima, uso mbele, kama mtu anayeingia mlango wowote ule. Gauni liligusa fremu, yeye hakugusa. Huku na huku pamebaki uwazi, ngumi yangu ingeingia. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nikamtazama Dereva. Hakuwa anatazama mlango, alikuwa ananitazama mimi, na macho yamemjaa. Alijua tangu jana. Alimbeba.

Nilimwambia, umeshinda.

Akatikisa kichwa. Akaja mpaka karibu, akaninong'oneza. Mambo ya kushindana yaishe. Nesi akipiga, mwambie tunaichukua. Mama anataka chumba, anataka kitanda kikubwa, anataka dirisha. Tunahama leo, vitu nitabeba mimi, si tulikubaliana? Akasema, mimi kona nitajitafutia.

Wiki nzima nimesubiri maneno hayo! Na sasa ameyasema mwenyewe, kwa hiari yake, na mimi nimesimama kama niliyemwagiwa maji.

Kwa sababu Mama amesikia. Kuta hizi ni plaiwudi, zinasikia kila kitu. Kutoka bafuni kaita, "Nani anahama? Mimi nimefika jana! Msinihamishe, nyinyi, nimetoka kutembea sasa hivi!" Kisha maji yakamwagika, na sauti ikarudi, imeshuka. "Huko mnakonipeleka, kuta ziko karibu hivi?"

Dereva amekaa kitandani, kichwa mikononi. Ndipo nikaja kukaa hapa mbele na kuchukua kalamu, sikujua niende wapi pengine.

Simu inaita. Ni Nesi, jina lake linawaka hapa juu ya dashibodi. Nimeitazama mpaka ikakatika.

Inaita tena.

"Pokeeni hiyo simu!" Mama anafoka kutoka ndani. "Watu wazima wawili mnaogopa simu?" Namsikia anapapasa komeo, anataka kutoka. Dereva anasimama aende kumpokea. Nimemwambia mwache, ataweza mwenyewe. Naweka kalamu, nipokee simu.